Vitabu vya zawadi siku ya Noeli

Adventi inapoanza, feza huhesabiwa. Mseminari anawaza atakachowapelekea wazazi na wadogo zake. Katekista anawaza watoto wake na mwenzake wa kazi wa kijiji cha jirani. Padri anawaza wale waliomsaidia mwaka mzima: mpishi, mwalimu wa kwaya, mzee wa baraza la parokia. Wengi wao, kwa kuwa wenyewe wanapenda kusoma, husema moyoni: nitawapa vitabu. Wazo hilo ni jema, nasi twalisifu. Lakini kitabu si kama sabuni. Sabuni yamfaa kila mwenye mwili. Kitabu hakimfai kila mwenye macho. Tumeona katika nyumba za watu vitabu vizuri vya Noeli vilivyokaa miaka kumi juu ya kabati, na karatasi ya zawadi ingali imevizunguka. Ndiyo maana twataka kueleza hapa namna ya kuchagua kitabu cha kumpa mtu, tukifikiri hasa nyumba zetu za Katanga, Maniema na Kivu.

Kwanza tuwajibu wale wanaosema kwamba kitabu si zawadi ya maskini. Wana haki kwa sehemu. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, anamlaumu mtu anayemwambia mwenye njaa maneno mazuri bila kumpa chakula. Basi mseminari anayefika nyumbani tarehe 23 Desemba na kukuta chungu kitupu, akiache kitabu chake sandukuni, aende sokoni kununua unga na makayabo. Kitabu kitangoja. Kumpa mama maisha ya watakatifu na papo hapo kula kuku wake wa mwisho, hilo hatuliiti zawadi. Lakini nyumba nyingi haziko hivyo. Siku ya Noeli watu hupata bukari na nyama, hupata na chupa za bia, tena zaidi ya moja. Kitenge kimenunuliwa, watoto wamevaa viatu vipya. Katika nyumba kama hiyo, anayesema hana feza ya kitabu anasema tu kwamba kitabu amekiweka nyuma ya vitu vyote. Sisi twashauri njia ya katikati: kitabu kidogo pamoja na kilo mbili za mchele. Mchele utafungua mlango, na kitabu kitaingia nyuma yake.

Asili ya zawadi za Noeli twaijua sote. Mamajusi walimletea Mtoto Yezu dhahabu, uvumba na manemane. Baadaye Wabeljiji walituletea desturi ya Mtakatifu Nikola, tarehe 6 Desemba, ambapo watoto hupewa vitu vitamu na vya kuchezea. Lakini kwa habari ya vitabu, kuna taifa moja dogo ambalo mfano wake wafaa kujulikana. Ni Islandi, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1944, vita kuu ya pili ikiwa bado inaendelea, Islandi ilipata kuwa jamhuri. Wakati ule bidhaa nyingi za kutoka ng'ambo zilizuiwa, lakini karatasi ilipatikana. Watu, kwa kukosa vitu vingine vya kupeana, wakapeana vitabu. Wachapaji nao wakaanza kutoa kila mwaka orodha ya vitabu vipya, jina lake Bókatíðindi, inayopelekwa nyumbani kwa watu kabla ya Noeli. Tangu hapo vitabu vingi vya nchi ile hutoka katika miezi ya mwisho ya mwaka, hutolewa zawadi jioni ya tarehe 24 Desemba, na wengi huanza kuvisoma usiku ule ule.

Hatulielezi jambo hili kwa kuwaonea Wazungu wivu. Twataka tu mwone neno moja. Watu wa Islandi hawafiki 400.000, majimbo yetu mengine yana wakristu zaidi ya hao. Kumbe wanapeana vitabu kila mwaka, na vitabu hivyo vyasomwa! Sababu mojawapo ni wazi: vimeandikwa kwa lugha ya nyumbani. Mama anayepika, mvuvi, mtoto wa kalasi ya tatu, wote wanazungumza lugha ile ile iliyo ndani ya kitabu. Kwetu sivyo. Tukiingia katika duka la vitabu huko Lubumbashi au Kinshasa, karibu vitabu vyote ni vya Kifaransa. Mseminari ananunua cha Kifaransa, kwa kuwa ndicho alichokiona na kwa kuwa yeye mwenyewe amekizoea. Anakipeleka kwa mama yake, ambaye alisoma miaka minne tu kwa masista na anajua kusoma Kiswahili vizuri kabisa. Mama anashukuru, anakibusu kitabu, anakiweka pamoja na rozari na picha ya ubatizo. Hapo ndipo kinapokaa. Amepewa kumbukumbu ya mtoto wake, lakini kitabu hakupewa.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe hili: mtu huyu anasoma kwa lugha gani anapokuwa peke yake, pasipo mtu wa kumsikiliza? Kijana wa mwaka wa mwisho wa masomo ya sekondari atasema Kifaransa, labda ni kweli. Mama na baba, mara nyingi Kiswahili. Nyanya wa kijijini, pengine Kitabwa au Mashi au Kihemba. Lugha hiyo ndiyo ya kutafuta, hata kama kitabu chake ni chembamba na hakina jalada la kung'aa.

Hata katika Kiswahili iko shida ndogo. Vitabu vingi vya Kiswahili vinatoka Tanzania na Kenya. Ni vizuri, tena mara nyingi ni vya bei nafuu kuliko vya Ulaya. Lakini vinasema “shule” pale ambapo sisi twasema masomo, vinasema “Krismasi” na “Yesu” pale ambapo sisi tumezoea Noeli na Yezu, na sentensi zake ni za watu waliofundishwa Kiswahili kalasini tangu utoto. Mzee wa Kongolo au mama wa Uvira anaweza kujikwaa. Njia ya kupima ni rahisi: fungua kitabu katikati, soma ukurasa mmoja kwa sauti, ukimfikiria mtu yule amekaa mbele yako. Ukiona kwamba ungelazimika kusimama mara tano kumweleza neno, kirudishe. Ukiona mara moja au mbili, kinunue; kujifunza maneno mawili si mzigo.

Kuna vitabu vya Tanzania ambavyo, pamoja na ugumu wake, twaviona vya kufaa sana kwa mtu fulani. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa mkatoliki wa Misa ya kila siku, alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika utenzi wa Kiswahili, na Wabenedikto wa Ndanda wakazichapa mwaka 1996. Mseminari asimpe mama yake kitabu hicho. Ampe mwalimu wa kwaya! Yeye hupenda mizani na vina, naye ataweza kukisoma kwa sauti mbele ya watu wakati wa mkesha.

Sasa tuje kwenye neno ambalo kwetu ni zito kuliko yote. Sisi watu wa seminari tuna ugonjwa mmoja: tunapenda kuhubiri kwa zawadi. Mjomba anakunywa sana. Tunamnunulia kitabu kidogo juu ya ulevi. Dada anaishi na mtu bila ndoa. Anapewa maelezo ya sakramenti ya ndoa. Ndugu amehamia Kanisa la uamsho. Siku ya Noeli anafungua karatasi na kukuta kitabu cha kuzipinga dini mpya. Yule mjomba anasoma jina la kitabu mbele ya watoto wake wote. Mnafikiri atasoma nini tena zaidi ya jina hilo? Amekwisha elewa: siku ambayo Mungu alikuja duniani kwa upole, mpwa wake alimletea mashitaka yaliyofungwa kwa utepe mwekundu. Kuonya ndugu ni kazi ya huruma, wala hatuikatai. Lakini ina saa yake na mahali pake, yaani watu wawili peke yao, kama Bwana wetu alivyotufundisha katika sura ya 18 ya Matayo. Zawadi ya Noeli isigeuzwe kuwa barua ya kuonya.

Hapo wengine watatujibu kwa mfano wa Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mfano huo ni mzuri, basi tuutazame kwa makini. Tarehe 20 Mei 1521, katika vita vya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Alipelekwa nyumbani Loyola, akalala kitandani miezi mingi. Akaomba vitabu vya hadithi za mashujaa wapanda farasi, kwa maana ndivyo alivyovipenda. Nyumba haikuwa navyo. Akapewa Maisha ya Kristu, yaliyoandikwa na Ludolfo wa Saksonia, na kitabu cha maisha ya watakatifu. Alivisoma, na maisha yake yakageuka. Basi, wanasema, mtu akiomba hadithi mpe watakatifu!

Sisi twaona mambo mengine katika habari hiyo. Inyasi alikuwa na muda. Alilala mchana na usiku bila kazi. Hakuna aliyesimama karibu ya kitanda kumwuliza kama amekwisha tubu. Tena watakatifu wale walifanya mambo makubwa, walifunga, walisafiri, walishindana na shetani. Kwa njia hiyo walimfikia moyoni katika kile kile alichokipenda, ushujaa. Kitabu kilimkuta mahali alipokuwa. Hiyo ndiyo maana ya kuchagua vizuri, hata ikiwa safari ile ni Mungu aliyechagua na si mwenye nyumba.

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki tarehe 21 Aprili 2025, alisema jambo la kufanana na hilo katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 juu ya kazi ya fasihi katika malezi. Alianza kuiandika akiwafikiri wale wanaojitayarisha kuwa mapadri, kisha akaona kwamba inawahusu wakristu wote. Humo anasikitika kwamba katika malezi ya mapadri hadithi na mashairi mara nyingi huhesabiwa kuwa mchezo tu, kitu kisicho cha lazima. Anasimulia pia kwamba mwaka 1964 na 1965 alikuwa mwalimu wa fasihi katika masomo ya Wajesuiti mjini Santa Fe, Argentina. Ilimpasa kuwafundisha vijana utenzi wa zamani wa Hispania, El Cid. Vijana hawakuutaka, waliomba García Lorca. Akapatana nao: El Cid wausome nyumbani, na kalasini yeye atawafundisha waandishi wanaowapenda. Twawaomba waseminari wasome barua hiyo kabla ya kwenda dukani. Si ndefu.

Basi tuwaangalie watu wenyewe, hawa na wale.

Kijana aliyepata kazi juzi, awe wa benki, wa ofisi ya Leta au wa mpakani, yuko katika hatari ambayo wazazi wake hawaijui. Watu watamletea bahasha. Kwa kijana huyo hatuoni zawadi ipitayo habari za Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981, alifanya kazi Goma katika ofisi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Alikataa rushwa, hakukubali chakula kilichooza kipitishwe na kuuziwa watu. Mwezi wa Julai 2007 alikamatwa na kuuawa, naye alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Alivaa shati na suruali kama kijana wetu, alikuwa na telefone na marafiki na mchumba. Mtu hawezi kusema: hayo yalikuwa mambo ya zamani, ya Wazungu. Vivyo hivyo binti wa masista atafurahia maisha ya Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Na watu wa Uvira, Fizi na Baraka watapenda kusoma juu ya Padri Albert Joubert na Wasaveri watatu waliouawa tarehe 28 Novemba 1964 na kutangazwa Wenye Heri palepale Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Mahali panapotajwa kitabuni pakiwa ni pa karibu, hata msomaji mvivu hugeuza ukurasa.

Kwa mtu mwenye sala tunapenda Historia ya roho moja, ya Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu. Chakula chake ni cha Noeli kabisa, maana yeye mwenyewe anaeleza jinsi neema ya usiku wa Noeli wa mwaka 1886 ilivyomponya machozi yake ya kitoto. Yafaa kujua kwamba kitabu hicho hakikuanza dukani. Tereza alikufa tarehe 30 Septemba 1897. Mwaka uliofuata wenzake wakachapa vitabu 2000, wakavipeleka katika monasteri za Karmeli kama barua ya kutangaza kifo chake. Watawa wakawaazima watu wengine, na hao wengine tena. Mkono kwa mkono kilienea dunia nzima.

Kwa kijana asiyependa vitabu vya dini, na wako wengi, msiogope kumpa hadithi. Zamenga Batukezanga, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufa mwaka 2000, aliandika vitabu vidogo vya Kifaransa chepesi juu ya maisha yetu ya Kongo: uchawi, ndoa, kijiji na mji. Vingi vilichapwa na Mtakatifu Paulo, Kinshasa. Hatukubali kila neno lake, lakini tumeona vijana wanaosema hawawezi kusoma wakimaliza kitabu chake kwa siku mbili.

Je, rafiki asiye mkristu? Huko Kasongo na Kindu wakatekista wengi wana jirani mwislamu ambaye huwatumia chakula siku ya Idi. Yeye naye anastahili kukumbukwa wakati wa Noeli. Asipewe katekisimu! Apewe Adili na Nduguze au Kusadikika, vitabu vya Shaaban Robert, mwislamu wa Tanga aliyeandika juu ya wema na haki kwa Kiswahili kisicho na mfano. Jirani ataelewa kwamba umemfikiri yeye.

Mseminari mwenzako ni rahisi: mpe kamusi. Kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Alphonse Lenselaer, iliyotoka mwaka 1983, imetusaidia katika mahubiri kuliko vitabu vingi vya mahubiri. Naye anayesema kwamba mseminari Mwafrika ni wa kusoma tu, wala si wa kuandika, akumbushwe Stefano Kaoze. Alipadrishwa na Monseniori Roelens tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza wa Kongo ya siku hizi zetu. Lakini maandiko yake juu ya mawazo ya Wabantu yalikuwa yamekwisha kuanza kuchapwa mwaka 1910, yeye akiwa bado katika masomo. Daftari nzuri nene na kalamu mbili, hiyo pia ni zawadi ya kitabu, ila hakijaandikwa bado.

Juu ya katekista twataka kukaa kidogo, maana mara nyingi hupewa mabaki: kitabu kilichochoka, karatasi za zamani za jimbo. Papa Fransisko, tarehe 10 Mei 2021, aliifanya kazi yake kuwa huduma iliyowekwa rasmi katika Eklezya. Sasa zawadi yake ifanane na heshima hiyo. Katekista hahitaji kitabu cha kupamba; anahitaji chombo cha kazi. Biblia ya herufi kubwa, kwa kuwa anasoma mbele ya watu katika kanisa la nyasi lisilo na taa. Kitabu cha masomo ya Dominika, kwa kuwa padri huja mara moja kwa miezi miwili. Muhtasari wa Katekisimu wa mwaka 2005, wa maswali na majibu, kama anasoma Kifaransa. Tena msisahau kwamba anapanda baiskeli wakati wa mvua, na Noeli kwetu ni mvua. Weka kitabu ndani ya mfuko mzito wa plastiki unaofungwa, umpe vyote viwili. Tumesikia makatekista wakishukuru kwa mfuko kuliko kwa karatasi ya maua.

Wazee. Macho ya mtu, akiisha kupita miaka arobaini na kitu, hayawezi tena kuona herufi ndogo za karibu. Wazee wengi husema “nimeacha kusoma”, nao wangesoma vizuri kama wangekuwa na miwani. Miwani ya kusomea huuzwa sokoni kwa feza kidogo. Kabla ya kununua kitabu cha mzee, mwombe akusomee mstari mmoja wa kitabu cha nyimbo. Akikisogeza mbali hadi mkono umenyooka, umejua la kununua.

Na asiyejua kusoma kabisa? Huyu naye apewe kitabu, lakini kwa mikono miwili: kitabu ni cha nyanya, na msomaji ni mjukuu wake. Chagua chenye picha na sura fupi, Agano Jipya au maisha ya mtakatifu mmoja, ukamwambie mtoto mbele ya watu wote: hiki ni cha nyanya yako, wewe ni mdomo wake. Mtoto atajivuna. Nyanya atakuwa na haki ya kumwita kila jioni. Tunajua nyumba ambamo mtoto alijifunza kusoma vizuri kwa njia hiyo kuliko kwa mwalimu wake.

Mwezi wa Januari na Februari 2025 vita viliingia Goma na Bukavu, na watu wengi wameacha nyumba zao. Mwenye kukimbia habebi kitabu cha kilo mbili. Kwa hao, Injili moja ndogo, inayoingia mfukoni, yatosha.

Sasa maneno machache juu ya kitabu chenyewe. Zamani mkristu aliongozwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Orodha hiyo ilikoma kuwa sheria mwezi wa Juni 1966, na tangu hapo mwenye kununua yampasa kutumia akili yake na dhamiri yake. Tazama kurasa za mwanzo. Ukikuta maneno Nihil obstat, maana yake msomaji aliyewekwa na askofu hakuona humo kinachopinga imani. Imprimatur ni ruhusa ya kuchapa, pamoja na jina la askofu na tarehe. Maneno hayo hayasemi kwamba kitabu kitampendeza mjomba wako. Lakini kitabu cha sala kisicho na jina la mwandishi, wala mchapaji, wala mji, kinachoahidi kwamba sala fulani ikisomwa siku tisa na kunakiliwa mara tisa itazuia ajali, hicho kiache palepale mlangoni pa kanisa kinapouzwa. Maduka ya Médiaspaul na ya masista wa Paulines, Kinshasa na Lubumbashi, na duka la vitabu la jimbo lako, ni mahali pa kuanzia.

Fungua kitabu kabisa, usione haya mbele ya mwenye duka. Kurasa zilizoshonwa kwa uzi hudumu. Zilizobandikwa kwa gundi tu, joto likija, huanguka moja moja kama majani. Fotokopi za sokoni zihesabiwe kurasa, maana mara nyingi mwisho wa hadithi haumo. Tena kama mwandishi ni Mkongomani aliye hai, fotokopi hiyo imemnyang'anya chakula. Kitabu kilichokwisha kutumika si aibu, mradi useme wazi kwamba kimetumika. Ila tazama muhuri! Kama ndani yake kuna muhuri wa maktaba ya seminari, usikinunue, wala usikitoe wewe mwenyewe zawadi kwa kisingizio cha kwamba hakuna anayekiazima.

Juu ya ukurasa mweupe wa mwanzo andika jina la mwenye kupewa, jina lako, mahali na mwaka. Mstari mmoja wa upendo unaweza kuongezwa. Mistari kumi ni mahubiri. Mwambie na akiweke mbali na ukuta wa udongo, kwa ajili ya mchwa. Kisha mwachie. Mwezi wa Januari usimwulize amefika ukurasa gani. Akipenda atakuambia mwenyewe, na asipokuambia, huenda amemwazima mtu mwingine, na kitabu kinasomwa katika nyumba usiyoijua.

Mwisho ni habari ya safari. Kitabu kinachotoka Kinshasa au Lubumbashi kwenda Moba au Kongolo hupita njia za mvua, na lori likikwama linakwama juma zima. Agiza mwezi wa Oktoba, usingoje Adventi. Kama hata hivyo hakijafika tarehe 25 Desemba, usinunue haraka haraka kitu kingine dukani ili mkono usiwe mtupu. Waambie watu wa nyumbani kwamba kiko njiani, ukakitoe siku ya Epifania. Mamajusi nao walifika wakiwa wamechelewa.